Majina ya groupe ya pili

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano

Courant ya umeme imerudi asubuhi. Nimefungua machine, nimekuta messages zimejaa. Bote banataka kubadilisha groupe. Bale ba groupe ya kwanza banataka kuingia ya mwisho, ya ine, sababu hiyo iko na Bazungu mingi. Sibadilishi mutu. Nimeshasema: groupe za utafiti ni ine, kila moja na bakubwa babili, mumoja wa huku, mumoja wa ng'ambo, na kila moja italeta rapport yake ku mukutano wa Kampala mwezi wa sita. Mimi assistante ndiye naandika programme, nimeandika hayo mara ngapi? Professeur mumoja, jina simutaji hata hapa, ameniuliza tena atalala hotel gani.

Groupe ya kwanza ni biashara na njia. Ya tatu, masomo ya batoto ba bakimbizi. Ya ine, afya. Ya pili ni kulima wakati wa vita. Hiyo ndiyo naipenda. Mukubwa wake wa huku ni Kasereka, mwalimu wa université ku Beni, chef de travaux, bote tunamwita CT. Miaka mingi ameenda Kamango na pikipiki yake, anakaa na balimaji ba kakao, anabauliza namna gani banalima wakati ba rebelles, baasi, bako mu pori. Balimaji balikubali kusema kwa sharti moja: kabla maneno yabo itoke inje, abasomee rapport yote, mwanzo hadi mwisho. Alibaapia. Rapport imekwisha kuandikwa. Kusoma, bado.

Jumatano, tarehe 6

Réunion na Madame Hélène ku simu. Yeye ndiye anaongoza groupe zote. Ako Ulaya, sauti yake ni ya upole na inakatika kila wakati. Ametoa siku ya mwisho: rapport zote zifike Ijumaa ya juma ijayo, tarehe 15. Yenye haitafika haitaingia mu programme. Hakupandisha hata sauti.

Nimepigia CT simu. Anasema hatumi kitu kabla ya kusomea balimaji. Na batu bake bametawanyika. Bengine bamekimbilia Beni muji, bengine bamerudia mashamba juu kakao imeiva, bengine habako tena. Nikamwambia, soma ku simu, somea bachache, soma namna yoyote, mais tuma. Akacheka. "Leki, mudogo wangu, wewe unaogopa Madame. Mimi naogopa balimaji."

Ameniambia pia sukari yake imepanda, kichwa inamuzunguka. Mais Jumamosi atatoka kubakusanya. Nimekata simu na hasira. Mutu mukaidi ule.

Ijumaa, tarehe 8

Hakuna courant tangu jana. Moteur ya bureau haina mafuta. Kule Kayna hakuna réseau ya simu, donc mukubwa wa groupe ya kwanza, mwenye ako huko, amepotea na rapport yake. Mama amepika mboga ya lengalenga na maharagi, sikula. Nimegombeza secrétaire bure, mbele ya batu. Kesho nitamuomba musamaha. Pengine.

Jumapili, tarehe 10

CT Kasereka amekufa.

Ni muke wake, Maman Kanyere, amenipigia simu nikitoka misa. Sukari. Alianguka jana mu mulango, biatu tayari mu miguu, akitaka kutoka kukusanya balimaji. Balimufikisha hospitali, hakuamuka tena.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, tarehe 11

Njia ya Beni. Dereva alizima muziki aliposikia tunaenda ku matanga. Ku barrière moja ya njia askari alitazama carte yangu ya utambulisho, akatazama kitambaa cheusi ku kichwa, akaniambia pole, mama. Sikutegemea.

Beni, joto. Ukitoka Butembo yetu ya baridi na pull-over yako unajiona mujinga. Kakao imeanikwa pembeni ya njia sawa na siku zote, kuku banapita juu yake. Hiyo iliniudhi, sijue juu ya nini. Tulimuzika CT nyuma ya saa nane. Étudiants, banafunzi bake, ndio balibeba sanduku, benyewe balikataa mutu mwingine ashike. Mimi nilishika mukono wa Maman Kanyere. Hakulia. Alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Jumanne, tarehe 12

Tunalala matanga. Bâche nyeupe ya turubai mbele ya nyumba, biti bya kukodisha, bamama ku sufuria, banaume nyuma ya nyumba na kasiksi yabo, pombe ya ndizi. Bamama bengine bametoka mbali. Mumoja, mwembamba, anaketi peke yake ku mukeka. Nimeuliza ni nani. Maman Masika, wa Kamango, mumoja wa balimaji ba CT. Hakuna mutu alimwita. Alisikia tu, akakuja.

Magaribi réseau ilipita, message ya Madame Hélène ikaingia. Anatoa pole. Pole ya kweli, nimeisoma mara mbili. Kisha anasema: ili kazi ya CT isipotee, nichukue nafasi yake, nitume rapport vile iko, na mimi ndiye niende Kampala kuisoma. Na bakubwa ba groupe ndio batatangulia ku bourse, ile musaada ya kulipia masomo ya doctorat.

Nataka kwenda. Niandike hivyo, hakuna mutu anasoma hapa. Ni miaka ngapi niko assistante, nasahihisha mitihani ya bengine, naandikia bengine programme. Rapport iko mu clé USB yangu, CT alinipa niisahihishe tu, mu sac yangu, hapa ku miguu. Ni kubonyeza tu. Nataka kwenda, na nimemuchukia CT kidogo juu ya kiapo yake. Ako ndani ya udongo na mimi namuchukia. Mungu anisamehe.

Alhamisi, tarehe 14

Leo jamaa imetoa matanga, ndiyo kuimaliza.

Kwetu matanga haitokake ovyo. Mukubwa wa jamaa anasimama mbele ya bote na anauliza: marehemu aliacha nini nyuma yake? Mwenye aliahidiwa kitu aseme sasa, juu kesho hakuna mutu atamusikiliza. Kila kitu yenye inatajwa lazima ipate mutu wa kuibeba. Yaya ya CT, ndugu yake mukubwa, ndiye alisimama, mwalimu wa zamani ku masomo ya primaire, sauti kavu. Étudiant mumoja alisema mémoire yake, kitabu ya kumaliza masomo, ilibaki bila kusahihishwa. Mwalimu mwenzake wa CT akaichukua. Jirani alisema CT alimuahidia miti ya kujengea chapelle. Mutoto mukubwa wa CT akaichukua.

Yaya akauliza tena. Niliona anataka kukaa.

Nilisimama. Kusema deni ya marehemu mbele ya muke wake ni kama kumuvua nguo. Nikasema CT aliapia balimaji ba Kamango kubasomea maneno yabo mbele itoke, na hakusoma. Nikakaa haraka.

Yaya akauliza nani anaibeba. Hakuna mutu. Mwalimu mwenzake akatazama biatu byake. Yaya akangoja, akangoja sana, kisha akanigeukia mimi. "Basi mwenye ameisema, aibebe."

Batu bakasema "ndiyo" sawa na mu kanisa. Imekwisha. Ahadi ni deni, tunasemaka kila siku bila kufikiri. Leo imewekwa juu ya kichwa yangu mbele ya batu na siwezi kuitupa. Maman Masika alikuja kunishika mukono. Akasema kesho ataleta bengine, benye bako Beni. Kesho ni tarehe 15.

Ijumaa, tarehe 15

Maman Kanyere alikataa bâche ikunjwe. Alisema kazi ya bwana yake haijaisha. Balimaji balikuja asubuhi, bamama mingi, banaume bachache, baliketi mahali palepale pa matanga. Rapport iko mu Français. Nilisoma nikigeuza mu Kiswahili, polepole, na pahali niliposhindwa, mama mumoja, mwenye alisoma Français, aligeuza mu Kinande.

Mwanzo yote ilienda vizuri. Balicheka hata, pahali CT aliandika namna banaimba mu shamba ili bajue mwenzabo angali muzima upande wa pili. Mumoja akasema CT mwenyewe alikuwa anaimba vibaya.

Kisha nikafika hapa: "Mulimaji wa tano anasema: tunaenda mu shamba sawa na benye banaiba, na shamba ni yetu."

Maman Masika alisimama. Hakupandisha sauti.

"Huyu si mulimaji wa tano. Ni Mbusa, bwana yangu. Ako na jina."

Nilianza kufasiri. Kwamba mu kazi yetu tunaficha majina ili batu basipate hatari, kwamba CT alifanya vile kubalinda. Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema Mbusa aliuawa mu ile shamba msimu uliofuata. Bijana balimuzika palepale, mbio mbio, juu ba rebelles balikuwa karibu. Hakuna bâche. Hakuna mutu alilala matanga yake. Hakuna mutu alisimama kuuliza ameacha nini. Hiyo maneno ya mu rapport ndiyo kitu imebaki ya mudomo yake, na tumeiandika namba.

Mwengine akasimama. Mulimaji wa pili ni mutoto wake, naye alikufa. Mwengine: wa nane na wa tisa ni ndugu. Nilikuwa naandika pembeni ya karatasi, mukono haufuati. Bafu, benye balikufa, bako mingi kuliko nilivyojua. CT alijua, lazima alijua, hakuniambia. Pengine ndiyo sababu alikawia.

Nikabauliza: na benye bako bazima? Balijibu karibu pamoja: sisi tufiche, tungali tunalima. Bale bafu basifichwe tena. Majina yabo iingie, hapo sisi tunakubali maneno itoke. Pasipo majina, hapana.

Niliuliza kama habaogope juu ya familia. Maman Masika akanitazama sawa mutu anatazama mutoto. "Benye balimuua habakumuuliza jina."

Saa ya mwisho ya Madame ilipita tungali tunaandika.

Jumamosi, tarehe 16

Madame Hélène ku simu. Nilimueleza yote.

Siwezi kumusema vibaya. Alisema commission ya ng'ambo, yenye inalinda batu banaoulizwa mu utafiti, ilikubali kazi kwa sharti kwamba hakuna jina hata moja, ya muzima wala ya maiti. Alisema mahali pengine majina ilitoka mu kitabu na batu balifuatiliwa nyumbani. Ameniongezea siku, mupaka Jumatatu. Akaniuliza pia kama ba Kambale batatu nilimutajia ni mutu mumoja. Nikamufasiria: Kambale ni jina ya mutoto mwanaume wa pili, kila nyumba iko naye. Akasema "ah". Akaandika, nilisikia kalamu.

Ako na haki. Maman Masika ako na haki. Mimi ndiye niko katikati na clé USB. Nimechoka na batu ba haki.

Jumapili, tarehe 17

Niko Beni bado. Maman Kanyere amenipa chumba yenye ilikuwa bureau ya CT. Makaratasi kila mahali, harufu yake mu makoti bado.

Niliandika message kwa Madame. Nikaweka rapport ya zamani, ile ya namba. Nikaandika: voici le texte final, hii ndiyo rapport ya mwisho. Mu Kampala nani atajua? Balimaji habasomi programme za Kampala. Ningerudi na bourse, ningefanya doctorat juu ya hii kazi yote, ningeifanya vizuri, ningebasaidia kesho. Nilikuwa na sababu nzuri, zote zimepangwa. Kidole juu ya kitufe.

Maman Kanyere aliingia na chai. Hakuniuliza ninafanya nini. Alikaa ku kitanda akaanza kukunja mashati ya CT, moja moja, juu kesho jamaa itagawa. Nilitazama akikunja mupaka chai ikapoa. Nikafuta message.

Nimelia na sijue kama ni juu ya CT ao juu ya Kampala. Ni juu ya Kampala. Tuseme kweli.

Jumatatu, tarehe 18

Nimemuandikia Madame: rapport ya groupe ya pili iko na majina ya bafu bake. Kama haiwezi kuingia na majina, isiingie. Benyewe ndio bamesema.

Alijibu kabla ya saa sita. Anasikitika. Groupe ya pili inatolewa mu programme.

Jumatano, tarehe 20

Nimerudi Butembo. Baridi, vumbi, mutaa wa Mususa na kelele ya batu ba kupasua mbao. Mama ameniuliza Kampala nitaenda lini. Nimemuambia siendi. Akasema alikuwa ameshaambia bamama ba chama yabo. Hiyo iliniumiza kuliko yote.

Ku bureau professeur wa hotel ameniambia nimetupa bahati mu choo. Nilimuambia hotel yake haina maji ya moto. Si kweli. Ilinipendeza.

Programme mupya imefika. Groupe ya kwanza, groupe ya tatu, groupe ya ine. Habakubadilisha hata namba, mutu anaweza kudhani ni makosa ya machine.

Jumanne, tarehe 9 mwezi wa sita

Leo Kampala banafungua mukutano. Mimi niko Beni.

Ni balimaji ndio balichagua siku. Habakujua ni siku ya Kampala. Mimi nilijua, nikanyamaza. Maman Kanyere alitoa pesa ya bâche, jamaa zingine zilileta biti, muchele, maharagi. Padri alikuja, pasteur akakuja, baliketi pamoja. Balikuwa hata batu benye sikubaona mara ya kwanza, bamoja bametoka Kamango na pikipiki asubuhi ileile.

Nilisoma. Safari hii na majina. Kila nilipofika ku maneno ya mutu, nilisema jina yake kwanza, kisha maneno. Jamaa yake inasimama, inabaki imesimama. Nilipofika ku Mbusa, Maman Masika alisimama peke yake. Nikasoma: tunaenda mu shamba sawa na benye banaiba, na shamba ni yetu. Alitikisa kichwa polepole sawa mutu anasikia sauti anaijua. Karibu ya mwisho batu bote balikuwa bamesimama, na mimi nilikuwa nasoma bila sauti. Mama wa Kinande alimalizia pahali pangu.

Kisha yaya ya CT, muzee ule mukavu, akauliza kwa kila mutu ile swali: aliacha nini nyuma yake? Moja moja. Hakuruka hata mumoja. Mutu mumoja aliacha mutoto bila masomo, mjomba akamubeba. Mwengine aliacha shamba na mupaka yenye haijulikane. Jirani akasema atauonyesha. Ilichukua muchana wote. Mwengine hakuacha kitu, na mama yake akasema hivyo tu, hakuacha kitu, akakaa.

Nyuma ya hayo yote bamama balinawa, banaume bakanywa, bâche ikakunjwa. Matanga imetoka. Niko nimechoka mupaka mu mifupa na sina majuto. Niandike hivyo leo, kesho pengine nitakuwa nayo.

Jumapili, tarehe 14 mwezi wa sita

Misa ya kwanza. Kisha kufua. Mvua ilitaka kunyesha, haikunyesha.

Bale ba Kampala bamerudi. Batapanga kitabu, kitatoka mwaka ujao, groupe tatu. Ile bourse imeenda kwa mutu wa groupe ya ine. Ni mutu muzuri, anafanya kazi sana. Nilimupigia simu kumupongeza na nilimaanisha, karibu yote.

Mama amenipa maharagi nichambue.

Maman Masika amepiga simu nikiwa mu ile kazi. Sauti ya batu nyuma yake. Amesema leo, misa ilipokwisha, balisoma tena ile rapport, benyewe, mutoto wa mumoja mwenye anajua Français ndiye aligeuza. Nisikasirike kwamba habakunijulisha. Nikasema sikukasirika. Amesema batu balikuwa mingi, hata benye CT hakuzungumza nabo, na bamekuja na majina ya bafu babo bengine. Ameniuliza kama ku karatasi nafasi ya kuongeza ingali.

Nimemuambia ingali.